Arobaini ya Fisi Maji

Asubuhi hiyo tulitafuta mtoto ambaye hakuwa amepotea.

Mama mmoja alikuwa ameshuka mtoni kukata nduma. Akaona kwenye matope alama ya mkono mdogo, vidole vitano vimetanuka, ukielekea majini. Halafu hakuna mkono wa kurudi. Hakungoja kufikiria. Alipanda juu akipiga nduru, na kabla sijamaliza kuvaa gambuti zangu ploti nzima ilikuwa nje, kila mzazi akihesabu wake. Hakuna mtoto aliyekosekana. Kusema ukweli walizidi mmoja, na huyo mmoja hakuna aliyejua ni wa nani mpaka mamake akaja kumchukua saa ya lunch, hata hajashtuka.

Mimi si wa Kibera. Mimi ni wa Kawangware, pale steji ya 56, nyuma ya duka la hadiwea. Nilikuwa Kibera kwa sababu nilimaliza kidato cha nne, kazi hakuna, na mathe alichoka kuniona nimejikunja kwa kiti na simu kama mgonjwa. Kukatokea kikundi cha vijana cha kusafisha mto, nikajiandikisha. Siku ya kwanza wenzangu wa Kibera wakaniuliza natoka wapi. Nikasema Kawangware. Wakaangaliana.

"Nyinyi wa huko juu mnakunya, sisi wa huku chini tunapokea," mwenyekiti wetu akaniambia. "Sasa wamekutuma uje kuangalia kama mzigo ulifika?"

Na mto ni mto, unashuka tu. Yale maji ya huko Riruta na Dagoretti hayajui kugeuka. Kwa hivyo nikawa natoa pampasi za watoto kwa mto, na kila pampasi ikitoka wananiuliza kama namjua mwenyewe.

Sehemu tuliyopewa ilikuwa chini ya ploti ya mama mmoja Mnubi. Wanubi wakiita nyanya husema habuba, na huyu kila mtu alimwita Habuba, Mnubi au si Mnubi, hata chifu. Babu yake alibeba bunduki ya mkoloni akaambiwa akae hapa, na Habuba bado anakaa hapo kama mtu aliyeambiwa jana. Ploti yake ni nyumba za mabati safu mbili, zinaangaliana, korido katikati. Mwisho wa korido kuna shamba dogo la nduma linaloteremka mpaka kwenye chemchemi inayoingia mtoni. Hapo kwa chemchemi maji ni masafi kidogo. Ukiangalia unaona miguu yako, kitu ambacho kwa mto wenyewe hauwezi jaribu. Na hapo ndipo bata wake walikuwa wanalala, ndani ya banda la mbao nzee.

Habuba hapendi watu sana. Anapenda bata. Mpangaji akiugua anamtumia salamu, bata akiugua anakosa usingizi. Na wiki hiyo ya ule mkono wa matopeni, bata wawili walikuwa wameenda. Walibaki manyoya tu na mguu mmoja.

Kwa hivyo mtoto alipokosa kupotea, swali likabaki: huo mkono ni wa nani? Ikasemwa ni jini. Ikasemwa ni wale watu wa kukimbia usiku uchi, sasa wameanza kufundisha watoto wao mapema. Mimi nilipiga picha, nikaketi kwa jiwe, nikaanza kutafuta kwa simu. Nilitafuta mpaka bando ikaniishia, nikaomba ya mwenyekiti. Na hapo ikatokea: mnyama mrefu kama mbwa, miguu mifupi, mkia mnene, masharubu kama mzee wa baraza. Vidole vyake vya mbele havina kucha, ndio maana alama yake inafanana na mkono wa mtoto. Anaingiza hivyo vidole chini ya mawe anatafuta kaa. Nikaangalia pale kando ya chemchemi, na kweli kulikuwa na kinyesi kimejaa maganda ya kaa yamesagika, kinanuka samaki wa juzi.

Sijawahi kufurahia mavi hivyo. Nilihisi ni kama nimepewa cheti. Hapa, chini ya choo cha watu mia, kuna mnyama wa porini anaishi na sisi hata hatumjui. Nikaangalia jina lake kwa Kiswahili.

Fisi maji.

Nikajua tuna shida.

Nilitaka tuitane kwanza, tupange vile tutaambia watu. Mwenyekiti hakuwa na huo muda. Yeye ni mtu wa vitendo. Alipata kipande cha bati, akapata rangi nyekundu iliyobaki kwa kazi fulani, na mchana huo akatundika kibao kwa njia ya mtoni, kila mtu asome. Herufi zake ni kubwa, bati ni ndogo. Ikatoka hivi:

HAPA KUNA FISI
MAJI. USITUPE TAKA

Nilisimama hapo nikasoma, nikarudia. Nikamwambia, buda, umekata jina katikati. Akasema mtu yeyote mwenye akili ataunganisha. Nikamuuliza kama anajua Kibera ina watu wangapi wa kuunganisha. Akanikumbusha natoka wapi.

Kufikia jioni watu walikuwa wamegawanyika mara mbili. Nusu walielewa ni fisi mwenyewe, yule wa Ngong, yule wa kucheka. Hao walianza kufunga milango mapema na kubebea watoto poti ndani. Nusu ingine, hasa wamama, walielewa ni wale fisi wengine, wanaume wasiopita sketi bila kugeuza shingo, na hao walisema kikundi kimechelewa sana kutundika kibao. Kesho yake mtu alikuwa amechora mshale na makaa, unaelekeza kwa kinyozi. Kinyozi alikuja kwa mwenyekiti kulia kama mtoto, ati biashara yake inaharibiwa. Wamama wakasema biashara ipi, ya nywele ama ile ingine.

Nikaenda nyumbani kumweleza mathe. Alikuwa anafua. Nikampa habari yote, ya mto, ya kaa, ya vidole, vile huyu mnyama akikaa mahali ni ishara kwamba maji yamebaki na uhai kidogo, vile ni lazima mtu amtetee. Mathe aliendelea kusugua shati.

"Mimi nilitetea fisi mmoja," akasema, "nikazaa wewe."

Hiyo ndiyo ilikuwa support yangu kutoka Kawangware.

Sasa, kuna jamaa anauza dawa ya panya. Ana baiskeli na spika, na sauti yake imerekodiwa, inazunguka kutwa nzima: dawa ya panya, kunguni, mende, viroboto. Anatoka 56 asubuhi, anafika Kibera mchana. Namjua tangu nikiwa darasa la tatu, hiyo sauti iko ndani ya ubongo wangu pamoja na tebo za hesabu. Siku ya tatu au ya nne baada ya kibao, nikamsikia akija na nikafikiri nimesikia vibaya. Panya, kunguni, mende, viroboto, na fisi. Alikuwa amerekodi upya. Nilimfuata nikamuuliza hiyo ya fisi ameitoa wapi. Akanionyesha pakiti. Ilikuwa ile ile ya panya, picha ya panya iko juu. Akasema fisi ukimwangalia vizuri ni panya aliyefaulu.

Habuba alinunua mbili.

Na hapo mchezo ukaisha kwangu. Alikuwa na mpango wote kichwani. Ile dawa itaingia kwa matumbo ya kuku, matumbo yatawekwa kando ya shimo la yule mnyama. Shimo tulikuwa tumelijua tayari, liko chini ya mizizi ya mti mmoja ulioinama juu ya chemchemi. Halafu fundi atakuja na mawe na simiti, afunge shimo kabisa, asiingie mwingine. Alinieleza pole pole, kama mtu anayekueleza vile atapika.

Nikampa kila kitu nilichojua. Nikamwambia huyu mnyama chakula chake ni kaa na vyura, bata anamchukua tu akimkuta amelazwa kando ya maji kama ameandaliwa. Nikamwambia akimaliza kula ananawa uso na mikono.

"Hapo anashinda wapangaji wangu," Habuba akasema.

Nikafikiri nimeshinda. Nikaongeza kwamba sio fisi kabisa, hata ukoo wao ni tofauti, hawajawahi kukutana kwa matanga.

"Kama sio fisi, mbona anaitwa fisi?"

Hadi leo sijui. Nani aliamka siku moja akaona mnyama mzuri hivyo, mwenye masharubu, anacheza kwa maji, akasema tumwite fisi? Huyo mtu ndiye aliyeniharibia kazi, na alishakufa, siwezi hata kumtukana.

Tukakaa kikundi tumtafutie jina lingine. Ilikuwa wazo langu, niliona kitu kikibadilishwa jina watu husahau. Mmoja akasema paka mto. Mmoja akasema mbwa wa dam. Mwenyekiti akasema aitwe Mheshimiwa, kwa sababu anakula kisicho chake halafu anapiga mbizi, humuoni mpaka msimu mwingine. Tulicheka tukapoteza mchana mzima. Mwingine akauliza kama analiwa, kwa sababu lazima Nairobi mtu aulize kama kitu kinaliwa. Mimi nilikuwa nimekasirika mpaka machozi. Niliona ni kama mimi peke yangu naona saa inakimbia. Nilipomfikishia Habuba yale majina aliniangalia kwa huruma.

"Jina ni lako, mwanangu," akasema. "Bata ni wangu."

Matumbo ya kuku yaliagizwa ya kesho.

Asubuhi hiyo nilitoka Kawangware mapema nikashuka moja kwa moja mpaka kwa shimo. Sikuwa na mpango. Nilifikiri labda nitasimama hapo tu, nizuie njia, nionekane mjinga. Nikaketi mbali kidogo, kwa nduma, nikitulia. Na nikasikia sauti kutoka ndani ya ardhi. Kama vile viatu vya watoto vinavyolia kila wakikanyaga, vile mathe wa jirani ananunulia mtoto halafu ploti nzima inajuta. Pii, pii, pii. Halafu nyingine, nyembamba zaidi. Walikuwa wawili, ama zaidi.

Yule mama mnyama alitoka majini na kaa mdomoni, akasimama, akaniangalia. Mimi naye tukaangaliana. Matiti yake yalionekana, yamejaa. Akaingia shimoni na zile sauti zikanyamaza mara moja, kama watoto popote wakiletewa chakula.

Nilipanda ile korido nikikimbia na gambuti. Habuba alikuwa ameketi mlangoni, beseni ya matumbo iko kando yake, ile dawa iko juu ya goti. Jamaa wa spika alikuwa hapo pia, amekuja kuonyesha vile inachanganywa, maana anajali wateja. Sikumbuki nilisalimia.

"Amezaa," nikasema.

Habuba aligeuza ile pakiti juu ya goti. Akauliza lini. Nikasema sijui, lakini watoto ni wadogo, wanalia bado sauti ya kwanza. Akaweka ile dawa chini.

Sikuwa najua hiyo desturi yake, lakini ploti nzima walikuwa wanajua. Mwanamke akizaa kwa ploti ya Habuba hatoki kwa nyumba mpaka arobaini iishe, na hakuna wa kumtoa, hata kama amekosana na dunia nzima, hata kama mwanaume amehama na godoro. Mamake alifanya hivyo, na mama ya mamake. Kuna mama mmoja wa nyumba za mwisho alishawahi kumtusi Habuba mbele ya watu, matusi ya nguo za ndani, na akazaa wiki hiyo. Habuba alimpelekea uji kila siku bila kumsalimia, na arobaini ilipoisha akamfukuza siku hiyo hiyo.

"Mzazi hafukuzwi," akasema sasa. Alikuwa anasema na beseni, si na mimi. "Arobaini yake ikiisha, tukihesabu kuanzia leo, fundi aje."

Jamaa wa dawa aliona biashara inamtoka. Akasema huyo mnyama ni mzazi, sawa, lakini ni mwizi pia, na za mwizi ni arobaini.

"Basi ziko sawa," Habuba akamjibu. "Tutaona ya nani itafika kwanza."

Matumbo yakapikwa, watu wakala. Ile dawa ilienda kwa panya wa ploti, ambao hawana desturi ya kuwalinda.

Nikiwa mkweli, zile siku zilinisumbua zaidi ya dawa. Dawa ningeweza kupigana nayo. Arobaini ni arobaini, ukiongea unaonekana unadharau. Niliuliza simu watoto wa fisi maji wanakaa shimoni muda gani, ikanipa jibu la kuzunguka, wiki nyingi, inategemea. Nilijua watakuwa bado hapo simiti ikifika. Kila mara nikijaribu kumweleza Habuba alikuwa ananiambia niende nitoe pampasi.

Lakini alikuwa anashuka. Alijifanya anaenda kuangalia nduma, na nduma haihitaji kuangaliwa mara nne kwa siku. Watoto wa ploti wakirusha mawe karibu na chemchemi aliwatandika kwa maneno ambayo sitaandika, mathe anaweza soma hii. Kile kibao cha mwenyekiti alikitoa mwenyewe, akakitumia kuziba banda la bata. Hata hivyo bata wa tatu akaenda. Nilifikiri hapo ndipo itaisha. Habuba alisimama juu ya manyoya, akamlaani yule mnyama kwa Kinubi, kwa Kiswahili na kwa Kikuyu alichojifunzia sokoni, halafu akarudi kuketi. Alikuwa ametoa neno lake mbele ya watu.

Siku yenyewe ikafika. Fundi alikuja na mkokoteni wa mawe na mifuko miwili ya simiti, akapanga vitu vyake kando ya chemchemi huku akiimba. Habuba akaletewa kiti. Mwenyekiti alikuwepo, wapangaji walikuwepo, jamaa wa spika alizima spika yake kwa heshima. Nilikuwa nimeandaa maneno usiku kucha. Nilikuwa na hotuba ya mazingira, ya vizazi vijavyo, ya nchi yetu. Nilikuwa tayari.

Kabla sijafungua mdomo yule mama mnyama akatoka shimoni na mtoto mdomoni, amemshika shingo. Hakutujali hata kidogo. Akaenda mpaka kwenye kina akamwangusha majini kama mtu anayetupa gunia.

Mtoto alipiga kelele. Pii pii pii, mikono yote inapiga maji kwa fujo, kichwa kinazama kinaibuka. Alipanda mgongo wa mamake akajikunja juu akilia. Mamake akazama chini yake taratibu, akamwacha hapo. Kelele tena. Mtoto akaogelea kama jiwe, akafika ukingoni, akatoka, akakimbilia shimoni, na pale mlangoni akagongana na ndugu yake aliyekuwa anachungulia na hataki kabisa kuletwa. Mama akamfuata yule wa pili akamvuta kwa sikio. Yule alishikilia mzizi wa mti na vile vidole vyake vitano, vya mtoto kabisa, akakataa kuachilia.

Fundi alikuwa ameshika mwiko hewani, simiti inamdondokea kwa kiatu.

Habuba alicheka. Sijawahi kumsikia akicheka kabla ya hapo. Alicheka akainama, leso ikamwanguka kichwani, akashikilia kiti.

"Mtoto wa fisi maji anaogopa maji," akasema akipangusa macho. "Na nyinyi mkafunga milango."

Ile hotuba yangu ilikuwa kooni. Mara moja kwa maisha yangu niliimeza. Yule wa mzizi aliachilia, akaanguka, akazama, akaibuka upande mwingine amekasirika. Habuba alimwangalia muda mrefu. Akaniuliza, bila kunigeukia, watajua kuogelea lini. Nikasema sijui. Akauliza simu yangu inasema nini. Nikasema hata simu haijui.

Akafikiria. Aliangalia banda la bata, zile mbao nzee, kile kibao chekundu kilichozibia tundu. Aliangalia mawe.

"Fundi," akasema. "Yale mawe yapandishe juu. Hawa hawafukuzwi mpaka wajue kuogelea. Nijengee banda kwa korido, hapo karibu na mlango wangu."

Fundi akasema korido ni ya wapangaji. Habuba akamuuliza ploti ni ya nani.

Kwa hivyo sasa hivi bata wanalala kwa korido. Tangu wapande juu hakuna bata aliyeenda, na kule chini wale wawili wanapigwa masomo kila asubuhi, wanalia hivyo hivyo. Korido yenyewe ni vita. Ukitoka nje asubuhi kwenda kazi unaruka mavi kama mtu anayekwepa mpira akicheza kati, na bata dume mmoja anachukia viatu vyeupe. Mpangaji wa nyumba ya tatu, mtu mzima, anafanya kazi ya ulinzi huko Kilimani, alienda kushtaki. Nilikuwa hapo, nimekuja kurudisha reki. Alisema yeye hajawahi kuona landilodi anahamisha bata juu ili mnyama wa porini akae chini. Alisema nyumba yake inanuka, kulala hawezi, na kama mambo ni hayo basi Habuba amwambie tu ahame.

Habuba alikuwa anakunywa chai.

"Wewe unajua kuogelea?" akamuuliza.

Yule jamaa akasema hapana, akiwa hajaelewa swali limetoka wapi.

"Basi kaa," Habuba akasema, akamsukumia kiti na mguu.